Bondi Haivunjiki Bure

Kuna karatasi ya marudio ya kidato cha nne inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi hapa Kisumu. Jibu mojawapo limepigiwa mstari: bondi, yaani kifungo kinachoshikanisha atomu, ikivunjika, nishati hutoka. Mpwa wangu amelikariri. Nilipomwambia si kweli alinitazama kwa mshangao: "Lakini mjomba, imeandikwa."

Imeniuma, kwa sababu mtoto huyu anataka kusomea famasia na anaanza safari na msingi uliopinda.

Kuvunja bondi ya molekuli ya kawaida hugharimu nishati. Kinachotoa nishati ni bondi mpya kufungwa, au elektroni kupata mahali penye utulivu zaidi. Walimu wa biolojia, wanaosema bondi ya ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli) ikivunjika hutoa nishati, nawaelewa kidogo, kipindi ni kifupi na silabasi ni ndefu, ila ufupisho wao umetuponza.

Niliposema hivyo kwenye kundi, mzazi mmoja aliyesoma kemia akanirushia mfano wa ayoni radikali, yaani molekuli yenye chaji na elektroni isiyo na mwenza. Ukiipa kaboni tetrakloridi elektroni moja, hata ile inayojikokota, molekuli inapasuka, ayoni ya kloridi inachomoka na nishati inabaki. Ni kweli kabisa. Sasa tupige hesabu. Bondi ya kaboni na klorini pale inadai takriban kilojuli 295 kwa moli. Atomu ya klorini ikipokea elektroni inatoa 349. Zinabaki 50 na ushee. Mvuvi wa Dunga akinunua petroli ya mashua, kisha akauza mbuta akapata faida, hakuna atakayesema petroli ndiyo iliyomletea pesa. Bondi ni ile petroli. Ililipiwa yote, na aliyelipa ni klorini kwa tamaa yake ya elektroni.

Jambo hili tunaishi nalo. Mwaka 1957 James Lovelock alibuni kifaa kinachogundua molekuli zenye klorini kwa jinsi zinavyomeza elektroni, na kwa njia hiyo hupimwa mabaki ya DDT, sumu ya wadudu, kwenye samaki na matope ya ziwa letu. Mtoto wa Kisumu anastahili kuelewa kwa nini kinafanya kazi.

Na hahitaji maabara ya kifahari. Anahitaji namba tatu na penseli. Chukua hidrojeni, molekuli yenye atomu mbili. Kuivunja, ikihesabiwa kwenye sufuri kamili ya halijoto, ni kilojuli 432 kwa moli. Kuing'oa elektroni molekuli nzima ni 1488. Kuing'oa atomu moja pekee ni 1312. Je, molekuli iliyokwisha kupoteza elektroni inavunjika kwa kiasi gani? Jumlisha 432 na 1312, toa 1488: 256. Bondi imelegea sana, asilimia 40 hivi ya nguvu yake imekwenda, lakini angalia alama ya jibu. Bado ni gharama. Ukivunja kwanza kisha ukang'oa elektroni, au ukang'oa kwanza kisha ukavunja, njia zote mbili zinafika kwenye vipande vilevile, kwa hiyo jumla lazima zilingane. Hapo ndipo ninapotaka walimu wetu wakae kipindi kizima, hata kama mada nyingine itasogezwa.

Ya oksijeni nawaachia mfanye na watoto wenu usiku huu: 494 kwa bondi, 1314 kwa atomu, 1165 kwa molekuli. Mtaona kwamba oksijeni ikipoteza elektroni bondi yake haidhoofiki, inakaza. Waacheni watoto waulize kwa nini, na msiwajibu haraka.