Kura Zilizofungiwa Miaka Mitano

Novemba 2013, vibarua wa mashamba ya matunda ya Gerawan, California, walipiga kura kuamua kama UFW, chama cha wafanyakazi wa mashambani, kiendelee kuwawakilisha au kiondoke. Masanduku yalifunguliwa Septemba 2018.

Wanaoitetea Bodi ya jimbo inayosimamia kura hizo, iliyozifungia bila kuzihesabu, wana hoja nzito. Mwajiri ndiye anayegawa kazi kesho asubuhi. Akitia mkono kwenye kampeni ya kung'oa chama, nani atamkatalia? Jaji wa Bodi, baada ya kusikiliza shauri kwa siku 105, aliona kampuni ilivunja sheria kwa kuisaidia kampeni hiyo. Bodi ikakubaliana naye mwaka 2016 na kuitupa kura.

Ila tazama chama chenyewe. UFW ilishinda uchaguzi wa 1990, ikakaa mezani na mwajiri mara moja 1995, kisha kimya hadi 2012. Iliporudi, ilitumia sheria inayomruhusu mpatanishi kupanga masharti ya mkataba hata upande mmoja ukikataa. Watu ambao hawakuwahi kuichagua (wengine huenda hata hawakuwa wamezaliwa) wangeanza kukatwa ada ya asilimia 3 ya ujira. Na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya California ilisema kutoonekana kwa miaka hiyo yote hakukifutii chama haki ya kuwakilisha. Sasa kibarua asiyekitaka atokee wapi, kama si kwenye kura hiyohiyo iliyofungiwa?

Mahakama ya rufaa ilipoamuru zihesabiwe, matokeo yalikuwa hivi: 1,098 chama kiondoke, 197 kibaki, na 660 zenye pingamizi zikawekwa kando. Wapo walioziegemea hizo 660. Basi tuwape zote UFW, bila kubakiza hata moja: wanafika 857. Bado wameshindwa kwa kura 241.

Utaambiwa wingi huo ulitokana na shinikizo. Inawezekana, maana kura ya siri humficha mpigaji kwa msimamizi lakini haifuti alichoambiwa jana. Hata hivyo kuhesabu si kuidhinisha. Bodi ingeweza kuhesabu mwaka uleule wa 2013, ikazuia matokeo yasianze kazi mpaka kesi iishe, ikamwadhibu mwajiri kwa kosa lake na, ikibidi, ikaitisha uchaguzi mwingine chini ya ulinzi mkali zaidi. Vibarua wa msimu hawakai miaka mitano wakisubiri, na chama kilichoamini kinapendwa kilikuwa na sababu ya kuidai hesabu hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote.