Pai ya Embe, Elfu Saba Kipande

Jamani, mwenzenu mdomo umeniponza.

Mwezi wa 12 huu maembe yamejaa Dar mpaka mbuzi wa mtaani wanayaruka. Halafu mimi nimekaa kwenye mgahawa wa wenye hela zao (nilialikwa, msinifikirie vibaya), naletewa kipande cha pai ya embe. Kipande chembamba kama kabari ya mlango, kimechomekwa jani la mnanaa. Shilingi 7,000! Nikarudi nyumbani nimefura. Nikatangaza mbele ya mke wangu, mbele ya mama mkwe, mbele ya jirani aliyekuja kuomba chumvi: "Ile ni embe na chapati tu! Jumapili naipika mwenyewe."

Mama Zai akanitazama, akaendelea kuchambua mchele. Mke akinyamaza namna ile, ujue namba utaisoma.

Jumapili asubuhi niko sokoni Buguruni. "Bosi wangu, chukua dodo hizi, zimeingia usiku kutoka Mkuranga, asali tupu!" Maembe 5, elfu 3. Nikacheka peke yangu. Elfu 3 pai nzima, wao elfu 7 kabari! Furaha hiyo iliishia dukani kwa Mangi, maana pai inataka na unga, sukari, mayai, ndimu, konflawa, na siagi. Siagi yenyewe, ya maziwa. Nilivyoambiwa bei ya kile kipakiti, nusura niulize kama ng'ombe yumo ndani. Natoka pale jumla imefika elfu 19 na sijawasha hata kibiriti.

Sasa tuje kwenye kuchanganya. Mwalimu wangu ni mama mmoja wa kwenye simu, yuko Uingereza huko. Anasema siagi iwe ya baridi, uivunjevunje kwenye unga kwa ncha za vidole, ibaki vipande kama maharage. Vipande vile vikiyeyukia ndani ya oveni vinatoa mvuke, ndiyo ganda linachambuka tabaka tabaka. Maneno mazuri kabisa. Tatizo, dirishani kwake naona theluji. Mimi niko Dar, nyuzijoto 32, shati limeganda mgongoni. Siagi ilivyouona mkono wangu tu ikajiachia. Maharage hayakuonekana, ukaonekana uji.

Mama mkwe akainua kichwa pale mkekani. "Baba Zai, hayo maandazi au unataka kupiga plasta?"

"Ni pai, mama."

"Haya."

Hiyo "haya" ya mama mkwe ina uzito wake. Ingepimwa mizani, gunia.

Nikamenya maembe matano, kwenye bakuli yakafika matatu. Watoto walikuwa "wananisaidia". Kokwa nilizinyonya mwenyewe, hiyo ni haki ya mpishi haina mjadala. Kosa langu jingine likawa kwenye embe lenyewe. Yule mama pai yake ni ya tufaha, na tufaha ni gumu, ukilipika linalegea kwa adabu. Embe lililoiva likikutana na sukari linamwaga maji kama limefiwa. Kumbe unatakiwa uchukue linaloelekea kuiva, bado lina ukaidi kidogo, ulikamulie ndimu, uweke konflawa vijiko viwili vitatu ile juisi ishikane. Mimi nilichukua asali tupu, na konflawa nikaweka kijiko kimoja. Ubahili, nakiri.

Oveni tunayo. Ile ndogo ya mezani, zawadi ya harusi, miaka yote tunahifadhia sufuria ndani. Nikazitoa sufuria, nikaingiza pai, nikapiga hesabu za kisomi: oveni ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa saa, elfu 10 ya LUKU inatoa uniti kama 28, sasa hofu ya nini? Hesabu safi. Nilichosahau ni kuchungulia zimebaki ngapi. Dakika ya 15, feni tuli, friji tuli, oveni tuli. Kwenye simu nina shilingi 400. Ya umeme nimempa yule ng'ombe.

Hapo ndipo mama Zai akanyanyuka. Hakufoka, akasema tu, "Leta jiko la mkaa." Akachukua sufuria kubwa, akamwaga mchanga chini, akaweka pai juu ya mchanga, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko. Moto juu, moto chini, kama mkate wa kumimina wa bibi zake. Mimi kazi yangu ikawa kupepea. Mwanamume mzima, mwanzilishi wa mradi, nimepewa kipepeo na mfuniko wa ndoo nikae.

Ilipofunuliwa, wallahi ilikuwa ya dhahabu! Majivu kidogo pembeni, hayo ni ya kupuliza tu. Nikapiga picha harakaharaka, nikashika kisu. Juu kikapita kwa mlio mtamu. Katikati kikaogelea. Chini kikanata kwenye unga mbichi. Nikainua kipande, kipande kikabaki, nikawa nimeinua kisu.

Tukala kwa vijiko, kwenye bakuli. Utamu ulikuwepo, nisiseme uongo. Zai akauliza, "Baba, kumbe pai inanywewa?" Mama yake akaweka kijiko chini. "Na mkaa, imefika elfu 23. Kwa hela hiyo tungekula vipande vitatu pale mgahawani, na chenji ya soda ingebaki." Kimya chote kile, kumbe alikuwa anapiga hesabu.

Iliyobaki nikaijaza kwenye bakuli, nikampelekea jirani wa chumvi, nipoteze ushahidi. Nikalala usingizi mwepesi.

Sasa leo asubuhi hodi. Mtoto wa jirani, na bakuli letu. Mnajua tena, chombo hakirudi kitupu. Amelibeba kwa mikono miwili, dodo zimejaa mpaka zinataka kudondoka.

"Shikamoo baba Zai. Mama anasema ahsante sana, na anaomba mumpikie tena ile supu."

Nikageuka nyuma kutafuta pa kujificha. Mama mkwe alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Haya," akasema.