Mkwaruzo tu, sheikh

Leo asubuhi pale Darajani hamali kapita na mkokoteni wake wa mabati, krrrrrr, mlango wote wa kushoto wa gari yangu, halafu kageuka kanitazama kwa upole kabisa: "Samahani sheikh, mkwaruzo tu huo." Tu! Mie mtu mzima, kanzu imepigwa pasi, kofia yangu ya viua, nimeshuka katikati ya njia na daladala nyuma zinanipigia honi, nikamjibu kwa heshima zote "haidhuru ndugu yangu". Haidhuru wapi bwana we! Roho ilikuwa inachuruzika.

Barazani kila mtu kawa fundi. Mmoja kasema dawa ya meno, mwengine mafuta ya nazi, hayo yanaficha mpaka jua lipige tu basi. Wa tatu akasema pitisha ukucha, ukikwama ujue rangi ishaliwa, usipokwama ni kliya tu, lile tabaka la juu linalong'aa, msasa wa maji namba 2000 na kompaundi ya kusugulia inaondoka. Huyo ndo pekee aliyesema la maana na ndo pekee asiyekuwa na gari, hata baskeli hana. Nikapitisha ukucha, umekwama mahali padogo tu, urefu wa kidole, kwengine kote unateleza. Alhamdulillahi, nikasema, hii ya saa moja hii.

Saa moja! Nkaenda kwa fundi rangi Mwanakwerekwe. Kwanza kamaliza chai yake. Halafu kainama, kalamba kidole, kafuta vumbi, kautazama mlango kama daktari anayetazama picha ya mapafu. Kimya. Kanyanyuka kaenda upande wa pili wa gari, ambako hakuna kitu, kaanza kugonga fenda, ko, ko, ko.

"Hii ishapigwa pati, ishagongwa ikazibwa."

"Fundi, mkwaruzo uko upande ule."

"Najua. Lakini hii ishapigwa pati. Kakuuzia nani?"

Sasa mie nimekuja na mlango naulizwa nasaba ya fenda! Nikamwonesha kibati cha namba ya rangi, 070. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ah. Lulu." Kamwita na kijana wake, njoo umtazame ami, ana lulu. Wakasimama wote wawili wananitazama mie, siyo gari.

Eti lulu tabaka tatu, nyeupe chini, lulu katikati, kliya juu, ukipiga pale penye kidole tu kinatoka kiraka kinaonekana mpaka kisiwani Chumbe. Kwa hiyo mlango wote, halafu rangi aififishe mpaka mlango wa nyuma na fenda ya mbele ili jicho lisikamate.

"Na ile fenda ya upande wa pili?"

"Ile ishapigwa pati, haitoendana."

"Kwa hiyo gari zima?"

"Mie sijasema. Umesema weye."

Na kinachoniudhi hasa ni kwamba kwenye lulu kasema kweli! Angekuwa muongo ningegombana naye nikaondoka na raha zangu. Nkamwambia basi nipigie kompaundi, pale palipokwama nitie rangi kwa kibrashi, mie sipeleki gari harusini. Akauliza, unakaa wapi? Mazizini. "Mh. Bahari hiyo. Ukipaacha wazi chumvi inaingia, kutu inatembea chini kwa chini, utaniletea tundu." Basi haya, kipigie hicho kibrashi leo leo! Kijana kawasha kompresa wapulize vumbi, umeme huo ukakatika. Wakanitazama tena mie.

Nikarudi nikaegesha chini ya mwembe, maana juani rangi inakufa, na kivulini ndo wapo kunguru. Hawa tumeletewa hapa Unguja miaka ya 1890 huko, eti wasafishe taka za mji. Taka zipo, na wao wapo. Wanakunya juu ya boneti, na kinyesi chao ukikiacha kinakula kliya ile ile niliyokuwa naipigia hesabu, halafu kuna mmoja kazi yake ni kupigana na kivuli chake kwenye kioo cha pembeni, ta ta ta ta tangu alfajiri. Jirani kanambia kivishe kioo soksi. Nimevisha. Kunguru kaondoka na soksi! Na soksi yenyewe kumbe ya skuli, ya mtoto, mama yake sasa hivi yuko mlangoni ameishika ile iliyobaki anauliza mwenzake yuko wapi, na mie namwambia nini mke wangu, kunguru?