Swichi Nne, Kichwa Kimoja

Siku hizi ukiomba makadirio ya mtandao wa ofisi pale Posta, Dar es Salaam, fundi anakuandikia swichi (visanduku vinavyounganisha kompyuta za ofisi) za staki, yaani za kuunganishwa pamoja, kabla hajakuuliza mna watu wangapi. Hoja yake ina uzito. Swichi nne za porti 48, yaani matundu 48 ya kebo, zikiungwa kwa kebo zake za nyuma, zinakuwa kifaa kimoja cha porti 192: anwani moja ya IP, nywila moja. VLAN ya wahasibu, yaani mtandao wao uliotengwa ndani ya ule mkubwa, unaiongeza mara moja, basi. Kebo ya mwisho ikirudishwa kwenye swichi ya kwanza, hata kebo moja ikikatika staki haivunjiki. Kasi baina yao ndiyo inayopungua.

Hadi hapo niko naye. Tunaachana anapomwambia mteja kwamba swichi nne ni usalama mara nne. Staki ina kichwa kimoja, swichi inayoziongoza nyingine, na kichwa hicho kikikosea, zote nne zinakosea.

Yalinikuta kwenye ofisi moja ya huko huko. Umeme ulirudi kwa nguvu, swichi moja ikaungua. Tukanunua ya mtumba Kariakoo, aina ileile, tukafuta mipangilio yake, tukaiwasha kuijaribu, kisha tukachomeka kebo za staki ikiwa inawaka. Swichi tatu zilizokuwa kazini zikajizima na kujiwasha upya. Ziliporudi zilikuwa tupu: hakuna VLAN, simu za mezani kimya, foleni kaunta inazidi kurefuka. Kosa lilikuwa letu. Kwenye swichi nyingi za Catalyst za Cisco, kipaumbele cha kuongoza staki ni namba kati ya 1 na 15, mwenye kubwa anaongoza, na namba hiyo hukaa ndani ya swichi yenyewe. Kufuta mipangilio hakuigusi. Ile ya mtumba ilikuja na 15 yake. Zetu zilikuwa na 1 ya kiwandani, kwa hiyo ngeni ikawa kichwa na utupu wake ukawa wa zote.

Swichi mpya iingizwe ikiwa imezimwa, na kiongozi apangwe mapema: 15 kwa mkuu, 14 kwa msaidizi. UPS, ile betri ya akiba, nayo itazamwe. Nimeona ya kwanza na ya tatu ziko kwenye UPS, ya pili na ya nne ziko kwenye umeme wa ukutani. Umeme ukikatika, mbili zilizobaki hazionani tena, maana kebo zao zinapitia zilizozimika; kila moja inajiona mkuu, zote zina anwani moja.

Kwa hiyo swichi za kwenye meza za watu, mimi nazistaki bila wasiwasi, hasa kama ofisi ina fundi mmoja tu. Kwenye kiini, zinapopita seva na laini ya intaneti, sikubali. Kusasisha programu ya staki mara nyingi ni kuiwasha yote upya, na saa ya kufanya hivyo mchana haipo. Mbili zinazojitegemea ni kazi maradufu ya kuzipanga, najua, na mteja atalalamika. Ofisi ile sasa ina staki yake ya meza, na kwenye kiini swichi mbili, kila moja na UPS yake.