Mwenye mpira ana sekunde 3 tu

Wiki iliyopita tulikuwa tunafunga viatu kabla ya mechi ya netiboli, hapa Leicester, Uingereza, mlinzi wetu akanigeukia. Ni msichana wa Kiingereza ambaye salamu yake ni kunyanyua kidevu, basi. Akaniuliza, "Leo ukipoteza mpira, nikwambie palepale au nisubiri mapumziko?" Nikamjibu palepale, ila kwa maneno machache. Robo ya pili nilichelewa kutoa pasi, wakaninyang'anya. Nikamsikia, "Nyuma yako, mapema!" Hakuna aliyenikata jicho.

Nimecheza netiboli kwetu Arua, Uganda, tangu shule ya msingi na swali hilo sijawahi kuulizwa. Nyumbani ukidondosha mpira unajua kinachofuata. Senta anajipiga mapaja. Mfungaji anawageukia watazamaji ili wajue kosa si lake. Mwalimu anaita jina lako na la baba yako, na benchi zima linadakia. Wakati huohuo wapinzani wameshafunga.

Tayari nawasikia: "Huyu kaonja Ulaya, sasa anatufundisha kuongea." Ndugu zangu, sijaja kumfundisha mtu. Mimi ni wa hukohuko, kwenye kile kiwanja cha vumbi na mpira mmoja wa timu nzima. Nasema kwa sababu mchezo huu naujua.

Sheria inampa mwenye mpira sekunde 3. Hatembei nao, na kila mchezaji ana maeneo yake asiyoruhusiwa kuyavuka. Macho yake hayawezi kuwaona wenzake wote, kwa hiyo sauti zao ndizo zinazomwongoza. Katika muda huo kichwa kinapokea jambo moja tu. Mwambie "kulia, juu" na mpira utafika. Mwambie "wewe kila siku hivyohivyo!" na sekunde zake umeshazila wewe. Pasi inayofuata anaitoa akiwa anakuogopa wewe kuliko mlinzi aliye mbele yake.

Wengine watasema wazungu wanabembelezana. Hapana. Kwenye mapumziko mwenzako anakutazama usoni anakwambia, "Mtu wako unamfuata kwa macho, mfuate kwa miguu." Inauma! Lakini unajua cha kufanya ukirudi ndani, na hajamgusa mama yako wala kabila lako.

Nami siwasifii kila kitu. Wakishafungwa hapa, kila mtu na begi lake, kila mtu na gari lake, kwaheri ni ya mkono. Sisi tukifungwa tulipanda lori tukaimba hadi mjini, na aliyekosa magoli ndiye aliyekuwa anaanzisha wimbo. Upendo ule sijauona huku, na Jumamosi nyingi nimerudi chumbani nikiutamani. Ndiyo maana nachukia kuona watu wanaopendana hivyo wakichanana ndani ya mistari.

"Mbona kelele zetu zimetufikisha mbali?" Kweli tumefika mbali. She Cranes, timu yetu ya taifa ya netiboli, walikuwa wa 7 kwenye Kombe la Dunia Liverpool mwaka 2019, na Cape Town 2023 wakawa wa 5 duniani, mbele ya wenyeji Afrika Kusini. Peace Proscovia, mtoto wa kwetu West Nile, amechezea klabu ya Loughborough Lightning, si mbali na hapa ninapoandika. Nikimtaja kwa Waingereza ninaocheza nao, sauti yangu inapanda yenyewe. Wale wamefika kwa shida zote mnazozijua, na heshima hiyo ni yao.

Lakini walioacha nani anawahesabu? Kwenye timu yetu kulikuwa na binti wa mkono wa kushoto, pasi zake walinzi walishindwa kuzisoma. Siku moja hakuja mazoezini. Nilipomfuata nyumbani aliniambia, huku akiendelea kumenya muhogo, kwamba amechoka kutukanwa mbele ya mama yake. Hakurudi tena.

Na usiniambie ukali ndio desturi yetu. Wazee wakikaa kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba, kila mmoja anapewa nafasi yake, na anayemkata mwenzake kauli ananyamazishwa. Adabu hiyo tumezaliwa nayo. Kwa nini mtoto wa kike aikose kwa sababu tu amevaa jezi?

Disemba nakuja. Mwalimu wangu, heshima yako iko palepale, na najua haya yatakufikia. Naomba uniazime wasichana kwa robo moja, dakika 15. Benchi likae. Anayepoteza mpira asiitwe jina la baba yake, aambiwe pa kukimbilia tu. Ukiona wamelegea, robo inayofuata ni yako, nami nitakaa pembeni kimya.