Skana Nzima, Draiva Hakuna

Skana ya steshenari yangu ilikaa kabatini miaka mitatu bila kuwa na ugonjwa wowote. Taa inawaka, mota inanguruma, kioo hakina hata mkwaruzo. Kosa lake ni moja tu: nilibadili kompyuta. Draiva yake ya mwisho, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, ilitengenezwa kwa Windows XP ya biti 32, na Windows ya biti 64 haipokei draiva ya biti 32 hata uibembeleze vipi. Ukiichomeka inatazamwa kama mgeni aliyehamia mtaani bila barua ya mwenyekiti.

Watu wengi wanailaumu Windows Vista, iliyokuja baada ya XP, ikaingia madukani mwaka 2007 na kuacha printa na skana kibao zimeduwaa. Mimi naitetea kidogo. Draiva mbovu ndizo zilizokuwa zikituletea ile skrini ya bluu ya kompyuta kuzimia kila kukicha, kwa hiyo kuzibana, na kudai zile za biti 64 ziwe na saini ya kidijitali ya kuthibitisha aliyezitengeneza, ilikuwa haki. Nisiyemsamehe ni mtengenezaji wa kifaa, aliyeona ni nafuu kuniuzia skana mpya kuliko kuandika draiva upya.

Ukigeuza upande, yaani mfumo wa zamani kwenye mashine mpya, mambo ni yaleyale. Mafundi wenzangu wanaikumbuka namba ya kosa 0x0000007B: unapiga (unasakinisha) XP kwenye kompyuta yenye diski ya SATA iliyowekwa AHCI, njia mpya ya kompyuta kuwasiliana na diski, inakufia njiani kwa sababu XP haina draiva ya kuiona diski. Dawa ilikuwa kubonyeza F6 na kuingiza flopi yenye draiva (flopi yenyewe uipate wapi!), au kuingia BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine, na kurudisha IDE, njia ya zamani. Baadaye zikaja mashine za Intel kizazi cha 6. Unapiga Windows 7, ukurasa wa kwanza unatokea vizuri, lakini kipanya na kibodi vimekufa, maana Windows 7 haikuja na draiva ya USB 3.0. Siku hizo kibodi ya kizamani yenye plagi ya duara ilikuwa dhahabu, kama ubao wa mashine bado ulikuwa na tundu lake.

Windows 10 nayo iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi watahama, na makabati yatajaa tena. Ninachodai si draiva za bure milele. Mtengenezaji akichoka na kifaa, atoe hadharani maelezo ya jinsi kinavyozungumza na kompyuta, na ukurasa wa draiva za zamani asiufute. Wapo watu watakaoifanya kazi iliyobaki.

Nayasema haya kwa sababu mwezi uliopita niliichomeka ile skana kwenye laptopu kuukuu yenye mfumo wa Linux badala ya Windows, nikitumia SANE, programu ya skana inayotunzwa na watu wa kujitolea. Ikasoma cheti cha kuzaliwa cha mteja mara ya kwanza tu, na sikuwa nimepakua draiva yoyote.