Tusiwahukumu Popo wa Pemba kwa Maradhi ya Popo Wengine

Kila unapotangazwa ugonjwa wa kutisha huko bara, kama ulivyotangazwa ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi inayoua, mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, hapa visiwani popo huanza kutazamwa kwa jicho baya, na wapo wanaosema heri miti wanayolala ikatwe. Hofu hiyo naielewa, kwani hakuna mzazi asiyewaogopea wanawe. Hata hivyo, naona kosa letu kubwa ni kuwatia popo wote katika kapu moja, ilhali sayansi inazitambua spishi zao zaidi ya 1,400.

Popo anayejulikana kubeba virusi vya Marburg ni Rousettus aegyptiacus, anayeishi kwa maelfu ndani ya mapango na machimbo, akijiongoza gizani kwa kualisha ulimi na kusikiliza mwangwi wake. Popo mkubwa wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, aliyepewa jina la kisayansi na Paul Matschie mwaka 1909, hana desturi hizo: hulala mitini peupe, hutegemea macho na pua, na hapatikani popote duniani ila kisiwani kwetu. Jamaa zake wapo Mafia, Komoro, Madagaska na hata Asia, lakini Afrika bara hawapo kabisa. Ukisimama kijijini Kidike, hapa Pemba, wakati wa jua kali utawaona wakijipepea kwa bawa moja, manyoya yao ya rangi ya dhahabu iliyoiva yakimeremeta, na chini ya miti wanakolia utayakuta makapi ya matunda waliyoyafyonza maji na kuyatema.

Makapi hayo ndiyo yanayostahili kuzungumzwa kwa makini, kwa kuwa mate na mkojo ni miongoni mwa njia ambazo virusi vya popo huweza kumfikia binadamu. Huko Bangladesh virusi vya Nipah, ambavyo huvimbisha ubongo na kuua, viliwafikia watu kupitia utomvu wa mtende uliogemwa usiku, baada ya popo wa jamii ya Pteropus kuulamba na kuuchafua. Watafiti hawakushauri popo wauawe. Walionesha kwamba ukiifunika sehemu inayogemwa na chombo chake kwa kizuizi cha mianzi, popo hawaufikii utomvu. Wagema wetu wa mnazi wataelewa jambo hilo mara moja. Vivyo hivyo, embe lenye alama za meno halifai kuliwa, na popo mgonjwa au aliyekufa haguswi kwa mkono mtupu.

Kwa wanaodhani kwamba kuwaangamiza ndiyo dawa, yaliyotokea katika mgodi wa Kitaka nchini Uganda yanatosha. Baada ya wachimbaji kuugua Marburg mwaka 2007, popo wa mgodini waliuawa kwa wingi. Waliporejea na kupimwa mwaka 2012, kiwango cha maambukizi miongoni mwao kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha awali. Watafiti walikisia kwamba wageni ambao hawajawahi kuambukizwa, na kwa hiyo hawakuwa na kinga, walikuwa wamehamia katika nafasi iliyoachwa wazi.

Sisi Wapemba tunayo mengi ya kupoteza. Mwaka 1996 popo huyu aliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kwa sababu ya kukatwa misitu na kuwindwa, hasa kwa bunduki. Vijiji kama Kidike ndivyo vilivyomlinda hata idadi yake ikakisiwa kupita 20,000, na hiyo ni kazi ya wanakijiji wenyewe, ambayo kwa maoni yangu haijasifiwa vya kutosha.

Kwa hiyo nataka utafiti uongezeke, wala usipungue. Nataka vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wafundishwe kuwatambua popo kwa fuvu, meno na vinasaba kabla ya kuchukua tone la damu, na mapango yetu yachunguzwe kwa namna yake na miti ya Kidike kwa namna yake. Majibu ya vipimo, yawe ya kutia moyo au ya kutia wasiwasi, yarudi kwa masheha na yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wanakijiji kabla hayajachapishwa katika majarida ya ng'ambo.